Inapiga lakini tundu haliendi: namna ya kuisoma mashine ya hewa ya kuchoronga miamba

Kuna jamaa aliwahi kuniletea mashine ya hewa ya kuchoronga, yaani ya kutoboa matundu kwenye mwamba, ikiwa vipande ndani ya ndoo. Pistoni huku, valvu kule, boliti na springi zimezama kwenye dizeli chini kabisa. Malalamiko yake yalikuwa maneno mawili tu: haina nguvu. Ndani ya wiki moja alikuwa ameifungua mara mbili, akanunua springi mpya, akabadilisha vijino, na nguvu haikurudi. Tuliiosha, tukaifunga, tukaiunga kwenye mpira wangu mfupi wa hewa. Ikaunguruma kama mpya. Ugonjwa haukuwa ndani ya ile ndoo hata kidogo. Ulikuwa umebaki kule alikotoka: mpira mwembamba uliounganishwa mara nne, kiungio kimoja kinavuja, na kompresa moja, ile mashine ya kusindika hewa, inayolisha mashine tatu.

Kisa hiki nimekutana nacho kwa sura nyingi, na kimenifunza kufuata mpangilio mmoja ambao siuachi: kwanza naangalia vitu vinavyoingia kwenye mashine, ndipo nafungua mashine. Vinavyoingia ni vinne: hewa, oili, maji na rodi, yaani chuma kirefu kinachoingia mwambani. Kimoja kikiwa kibovu, mashine nzima kabisa itafanya kazi kama mgonjwa. Tena kila unapoifungua bila sababu unaipa vumbi nafasi ya kuingia mahali ambapo pistoni na silinda zimeachana kwa upenyo mwembamba kama unywele.

Kazi nne ndani ya mwili mmoja

Ukiitazama kwa nje ni chuma kimoja kizito, kwa kawaida kilo 20 na kitu hadi 30 na kitu. Kwa ndani ni mashine nne zinazosaidiana: moja inapiga, moja inazungusha, moja inasafisha tundu na moja inasukuma. Mtu akiniambia mashine ni mbovu, swali langu la kwanza ni: kati ya hizo nne, ni kazi gani imekufa? Jibu la swali hilo huwa limeshapunguza nusu ya utafutaji.

Kupiga ni rahisi kuelewa. Valvu inapeleka hewa upande mmoja wa pistoni, halafu upande mwingine, na pistoni inakwenda na kurudi kwa kasi ya mapigo 2,000 hivi kwa dakika, yaani zaidi ya 30 kila sekunde. Kila inapokwenda mbele inagonga mkia wa rodi, ile sehemu ya pembe sita inayoingia kwenye bushi ya mbele, pete ya chuma inayoushika mkia. Zingatia neno kugonga. Pistoni haijafungwa kwenye rodi, ni nyundo na tindo. Mashine za mwanzo hazikuwa hivyo. Zile za Germain Sommeiller, zilizoanza kutumika mwaka 1861 kwenye handaki la Fréjus kati ya Ufaransa na Italia, zilikwenda na kurudi pamoja na rodi yake. Hata hivyo zilifanya kazi kubwa: handaki lilianza kuchimbwa kwa mikono mwaka 1857, na pande mbili zikakutana Desemba 1870. Kuitenga nyundo na rodi ndiko kulikoifanya mashine iwe nyepesi kiasi cha kubebwa na mtu, na pia ndiko kulikoleta matatizo ya mkia wa rodi ambayo nitayafikia chini.

Kuzungusha ndiko kunakowachanganya wengi, kwa sababu hakuna mota inayozungusha. Nyuma ya pistoni kuna chuma chembamba chenye mifuo iliyopinda kama uzi wa skrubu pana, na chuma hicho kinaingia ndani ya pistoni kupitia nati yenye mifuo kama hiyo. Kichwani mwake kuna vijino vinavyosukumwa na springi ndogo au vidude vyake vya kusukumia, navyo vinakamata kwenye pete ya meno. Pistoni inapokwenda mbele, vijino vinaruka meno, chuma cha msokoto kinazunguka chenyewe, na pistoni inakwenda moja kwa moja bila kupoteza nguvu ya pigo. Inaporudi nyuma, vijino vinakamata na chuma cha msokoto kinakataa kuzunguka. Basi pistoni inalazimika kuzunguka yenyewe ikifuata mifuo, na kwa kuwa sehemu yake ya mbele imeungana na bushi kwa mifuo iliyonyooka, rodi inageuka nayo. Kila pigo, kipande kidogo cha mzunguko. Ukilishika wazo hilo moja, kwamba inapiga ikienda na inageuza ikirudi, nusu ya fumbo la mashine hii limekwisha.

Kutokana na hilo kuna kipimo ambacho hakihitaji hata spana. Funga hewa, toa yote iliyobaki kwenye mpira, chomeka rodi, kisha izungushe kwa mkono. Upande mmoja inatakiwa izunguke huku ukisikia vijino vikiruka, ka-ka-ka, sauti kavu na sawasawa. Upande wa pili huenda ikasogea kidogo pistoni ikitafuta nafasi yake, halafu ikamate na ikatae. Ikizunguka kote kote, vijino vimelika, springi zimekatika au nati ya msokoto imekwisha. Ikikataa kote kote, kuna kitu kimekamata. Ikiruka kwa sauti nzito na ya kulegea, kama mtu anayetafuna kitu chenye mchanga, jiandae kukuta oili iliyogeuka gundi.

Hewa

Geji iliyo kwenye tangi la kompresa haitoi jibu unalolitaka. Inakwambia hewa ilivyo nyumbani kwake, haikwambii ilivyofika safarini. Unachotaka kujua ni presha iliyopo mlangoni mwa mashine wakati mashine inachoronga. Mashine ikisimama, hata mpira mwembamba kuliko kidole utaonyesha presha nzuri, kwa sababu hewa haitembei. Ipo geji yenye sindano inayochomwa kwenye mpira karibu na mashine. Kama huna, weka kiungio chenye geji hapo hapo mwishoni, acha mashine ifanye kazi, na usome.

Mashine nyingi za aina hii zimetengenezwa kufanya kazi kwenye presha ya bar 5 hadi 7, na 6 ndiyo inayolengwa zaidi. Watu husema, "Zimepungua mbili tu, itavumilia." Haivumilii. Presha ikishuka, kila pigo linakuwa jepesi, na papo hapo idadi ya mapigo kwa dakika inapungua. Hasara mbili zinazidishana. Kwa hesabu ya haraka, mashine ya bar 6 ukiilisha bar 4 inabaki na nguvu inayozidi nusu kidogo tu. Mchorongaji hajui hayo. Anachojua ni kwamba tundu haliendi, na anaanza kusukuma kwa kifua.

Mahali presha inakopotelea ni kwenye mpira. Upotevu haupungui kwa kadiri unene wa mpira unavyoongezeka, unapungua kwa kasi ya ajabu. Kiasi kile kile cha hewa kikipita kwenye mpira wa milimita 19 badala ya wa milimita 25, upotevu wa presha kwa kila mita unakuwa karibu mara nne. Milimita sita, mara nne. Ndiyo maana mtu anayeokoa pesa kwa kununua mpira mwembamba huishia kuzilipa pesa hizo kwenye mafuta ya kompresa, na hata hivyo tundu haliendi. Viungio vinavyobana njia, mpira uliopindwa nyuma ya jiwe, mpira ambao ngozi yake ya ndani imejitenga na kuning'inia kama ulimi, vyote vinafanya kazi hiyo hiyo ya wizi. Huo wa ngozi ya ndani ni mjanja kuliko wote, kwa sababu nje mpira unaonekana mzima kabisa.

Mlangoni mwa mashine, pale mpira unapofungwa, kuna chujio dogo la waya. Ni kitu cha kusafisha kwa dakika moja, na nimeona kazi ya siku nzima ikisimama kwa ajili yake. Wengine wakichoka kulisafisha hulitoa na kulitupa. Siku hiyo ndipo mchanga unapopata kibali cha kuingia kwenye valvu. Na kabla hujaunga mpira kwenye mashine, ushikilie imara, uelekeze mbali na watu, fungua hewa kidogo uupulize. Mpira uliolala chini usiku kucha una mawe, maji, na wakati mwingine wadudu.

Maji ndani ya hewa ni shida nyingine. Hewa ikisindikwa inapata joto, ikipoa njiani unyevu wake unageuka matone. Matone hayo yakifika kwenye mashine yanaosha oili. Isitoshe, hewa inapotoka kwa ekzosi inatanuka ghafla na kupoa sana, kiasi kwamba unyevu unaganda na barafu inaziba njia. Mashine inaanza vizuri asubuhi, baada ya muda inadhoofika, ukiiacha kidogo inapona, ukiendelea inadhoofika tena. Tabia hiyo ya kuugua na kupona ndiyo alama yake. Dawa iko kwenye kompresa: toa maji kwenye tangi kila siku, na weka kitenganisha maji kwenye laini.

Oili

Kama ningeruhusiwa kukagua kitu kimoja tu kwenye eneo la kazi, ningekagua chupa ya oili. Ni ile inayofungwa kwenye laini ya hewa, mita tatu au nne hivi kabla ya mashine, na hewa inayopita inanyonya oili kidogo kidogo na kuipeleka ndani kama ukungu. Ikiwa mbali sana, oili inaganda kwenye kuta za mpira na haifiki. Chupa nyingi zina mshale unaoonyesha hewa inakoelekea. Ukiifunga kinyume haitoi kitu, na kwa nje huoni tofauti.

Utajuaje kwamba oili inafika? Tazama mkia wa rodi. Ukichomoa rodi baada ya dakika chache za kazi, mkia uwe unang'aa kwa utando mwembamba wa oili, wenye unyevu wa kidole kilichopitishwa kwenye nywele zilizopakwa mafuta. Ukiwa mkavu na una rangi ya hudhurungi au samawati, chuma kimeungua. Njia ya pili ni kuweka karatasi mbele ya ekzosi kwa muda mfupi. Ikitoka na madoa membamba yaliyotawanyika, sawa. Ikitoka kavu, simamisha kazi. Ikilowa hadi kudondosha, umezidisha, na mchorongaji anavuta moshi wa oili kwenye mapafu bila sababu.

Aina ya oili inabishaniwa sana, nami nina upande wangu. Oili ya injini siyo oili ya mashine ya kuchoronga. Oili iliyotengenezwa kwa kazi hii inashikamana na chuma hata mapigo yanapojaribu kuirusha, inachanganyika na maji badala ya kusukumwa nayo, na inastahimili mgandamizo mkubwa kati ya chuma na chuma. Ya injini ikikutana na maji inaondoka, inaacha chuma kitupu. Uzito nao unafuata joto: penye baridi oili nyepesi, penye joto oili nzito, na kitabu cha mashine kinataja namba. Wanaoongeza dizeli au mafuta ya taa ili oili "ishuke vizuri" wanacheza na kitu kibaya zaidi. Mvuke wa mafuta mepesi ukibanwa mbele ya pistoni unaweza kuwaka ndani ya silinda, kama inavyowaka ndani ya injini ya dizeli. Utasikia milipuko midogo na harufu ya kuungua, na ukifungua utakuta pistoni imeungua na kupata mikwaruzo.

Maji

John George Leyner wa Denver, Marekani, ndiye aliyeleta miaka ya 1890 mashine yenye nyundo iliyotengwa na rodi yenye tundu katikati. Kwanza alipitisha hewa kwenye tundu hilo ili kutoa unga wa mwamba. Ilifanya kazi vizuri mno: vumbi lilitoka lote, likaingia kwenye mapafu ya wachorongaji, nao wakaikataa mashine. Ndipo akaleta maji. Habari hii siisimulii kwa ajili ya historia. Hadi leo kuna mtu anafunga maji kwa sababu yanalowesha buti zake. Unga laini wa mwamba wenye silika unaleta silikosisi, ugonjwa wa mapafu usio na tiba, na mwaka 1997 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, liliiweka silika ya fuwele inayovutwa kazini kwenye kundi la kwanza la visababishi vya saratani. Kwa hiyo mashine ambayo maji yake hayatoki ni mashine mbovu, hata kama tundu linakwenda.

Maji yanapita kwenye sindano, bomba jembamba linalopita katikati ya mashine yote kuanzia nyuma hadi ndani ya mkia wa rodi. Sindano ikipinda au kukatika, au sili yake ikichoka, maji yanamwagika ndani ya mashine badala ya ndani ya rodi. Dalili yake ni oili nyeupe kama maziwa inayochuruzika mbele, na kutu kwenye pistoni baada ya usiku mmoja tu. Mara nyingi sindano hukatwa na mkia wa rodi wenye tundu lisilo katikati, kwa hiyo kabla ya kuweka sindano mpya chungulia rodi zako.

Kanuni ya presha ni fupi: presha ya maji iwe chini ya presha ya hewa. Maji yakiwa na nguvu kuliko hewa, yanarudi nyuma kuingia kwenye silinda na kuosha oili yote. Watu wanaotumia maji yanayoshuka kutoka tangi lililo juu sana husahau kwamba kila mita 10 za kimo zinaongeza karibu bar moja. Tangi likiwa mita 70 juu yako, maji yana bar 7, na mashine yako ina 6. Hapo unahitaji kipunguza presha.

Rodi na mkia wake

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea, kwa hiyo tukae kidogo.

Uso wa pistoni unaogonga na uso wa mkia unaogongwa vinatakiwa kukutana kikamilifu, bapa kwa bapa. Mkia ukiwa umechongeka pembeni, umetanuka kama uyoga au umekatwa upande, pigo linatua kwenye eneo dogo. Chuma cha pistoni ni kigumu nje na kimelainika ndani, na kule nje kunavunjika. Pistoni ikishapata pengo, kila rodi nzima utakayoweka itapata pengo hilo hilo kwenye mkia wake. Rodi hizo zilizoumizwa ukizihamishia kwenye mashine ya jirani, zinaiumiza pistoni ya jirani. Nimeona mashine nne zikiharibika kwa mfuatano huu, na kila mmoja akilaumu spea feki. Chanzo kilikuwa rodi moja iliyokatwa kwa moto na kusuguliwa kwa kukadiria kwa macho, bila kipimo.

Urefu wa mkia nao ni sheria. Kwa rodi za pembe sita za milimita 22, mkia unaotumika sana ni wa milimita 108 kutoka uso wa kugongwa hadi kwenye kola, ile sehemu nene iliyozunguka rodi. Ukiwa mrefu zaidi, pistoni inafika mapema kabla haijapata kasi yake, na kugeuza kunadhoofika kwa kuwa safari ya kurudi nayo ni fupi. Ukiwa mfupi, pistoni inakwenda kupita mahali pake na kupiga mwili wa mashine. Kata kipande cha bati chenye urefu sahihi, kining'inize ukutani, na kila rodi mpya au iliyosuguliwa ipite hapo.

Kisha bushi ya mbele. Bushi iliyolika inauachia mkia uyumbe, na mkia unaoyumba unagongwa kwa pembe. Shika rodi iliyochomekwa, itikise. Kuyumba kidogo ni kawaida, kuyumba kwa kuonekana kwa jicho siyo. Watengenezaji hutoa kipimo cha bushi, kijiti ambacho kikiingia, bushi imekwisha. Bushi ni spea ya bei ndogo ukilinganisha na pistoni, na anayeiahirisha hununua vyote viwili.

Ncha ya mbele usiisahau. Hapo ndipo lilipo biti, kichwa kinachokata mwamba. Biti butu linafanya mashine nzima ionekane mgonjwa: linagandamiza mwamba badala ya kuupasua, rodi inatetemeka, mkono unachoka, na hatimaye rodi inakatika. Kwenye biti za patasi au za msalaba, tazama ukingo wa tangsteni kabaidi, ile sehemu ngumu inayokata. Ukiwa na ukanda bapa wa milimita 2 hadi 3, peleka ikanolewe. Tazama pia kama kichwa cha biti kimekuwa chembamba mbele kuliko nyuma. Biti la namna hiyo linakwama tunduni, na mchorongaji analaumu mwamba.

Sasa dalili

Haianzi kabisa, hewa inapita tu kwenye ekzosi kwa sauti ya kuzomea: mara nyingi valvu imenata kwa uchafu au oili iliyokauka, au boliti ndefu za pembeni hazikubanwa sawasawa na pistoni imebanwa upande. Mimina oili kidogo mlangoni, unga hewa, gonga mwili taratibu kwa kipande cha mti. Ikishtuka na kuanza, bado haijapona. Panga kuisafisha jioni hiyo hiyo.

Inapiga vizuri lakini haigeuzi: kwanza ondoa biti kwenye tundu uone. Kama inageuka hewani na kukataa tunduni, unaisukuma kupita kiasi, tundu limepinda, au unga haujatoka. Kama haigeuki hata nje, rudi kwenye kipimo cha mkono nilichoeleza. Inageuka kwa kasi huku ikirukaruka na kulia kama kengele: hiyo ina njaa ya msukumo. Angalia mguu wa hewa, ile nguzo inayoibeba mashine na kuisukuma kuelekea mwambani. Sili ya pistoni yake ikichoka, mguu unazama wenyewe, na sauti ya hewa inayovuja inasikika chini.

Mbele pamepata moto hadi oili inatoa moshi: oili haifiki, au bushi imekwisha, au vyote. Simamisha hapo hapo. Kuendelea "nimalizie tundu hili tu" ndiko kunakozaa pistoni iliyokamata.

Boliti za pembeni au springi za kishikio cha rodi zinakatika kila mara: mtu anaipigisha hewani. Mapigo yasipokuwa na mwamba wa kuyapokea, yanapokelewa na mwili wa mashine wenyewe. Nenda ukatazame wanavyochomoa rodi iliyokwama. Kwa kawaida utawakuta wamefungua hewa yote wakati mashine inavutwa nyuma.

Ukilazimika kufungua

Funga hewa, toa iliyobaki, ndipo ufungue kiungio. Mpira wenye presha unaochomoka unapiga kama mjeledi wa chuma, na minyororo ya kushika viungio imewekwa kwa sababu hiyo. Osha mashine nje kabla ya kuifungua. Tandika kitambaa safi mezani, panga vitu kwa mfuatano ulivyovitoa. Usigonge sehemu hizi kwa nyundo ya chuma, kwa sababu chuma kigumu kikigongwa na chuma kigumu kinarusha vipande, na macho hayana spea. Tumia shaba au mti.

Mikwaruzo midogo kwenye pistoni isugue kwa jiwe laini lenye oili hadi kucha isiikamate. Uso wa kugonga ukiwa na kishimo kidogo unaweza kusuguliwa kwa uangalifu, lakini usivuke tabaka gumu la nje. Baada ya tabaka hilo chuma kilichobaki ni laini, na kitatanuka kama uyoga ndani ya siku chache. Vijino vilivyopoteza ncha vibadilishe vyote kwa pamoja na springi zake. Kijino kimoja kipya kati ya vitatu vizee kitabeba mzigo wote peke yake na kukatika. Nati ya msokoto ambayo mifuo yake imekonda hadi kuwa kali kama kisu nayo imekwisha, hata kama bado inageuza.

Wakati wa kufunga, kila kitu kipakwe oili. Boliti za pembeni zibane kidogo upande huu, kidogo upande ule, kwa zamu, huku ukizungusha rodi kwa mkono. Rodi ikianza kuwa nzito upande mmoja, umeshavuta mwili ukapinda, basi legeza uanze tena. Baada ya tundu la kwanza, kagua boliti tena, kwa sababu zitakuwa zimetulia na kulegea. Tundu hilo la kwanza lianze mahali papya. Usichomeke rodi kwenye mabaki ya tundu la mlipuko uliopita hata kama linakupa mwanzo rahisi, kwa kuwa baruti isiyolipuka inaweza kuwa imekaa humo ndani.

Mwisho wa zamu, funga maji kwanza na uache mashine ipulize kwa muda mfupi ili itoe unyevu. Kama itakaa siku kadhaa, mimina oili ya kutosha mlangoni, ipigishe polepole kwa hewa ndogo hadi oili ionekane kwenye ekzosi, kisha ziba matundu yote kwa vizibo au vitambaa safi na uilaze juu ya ubao, mbali na udongo. Siku ya kuirudisha kazini, mimina oili tena, anza kwa hewa ndogo, chomoa rodi na utazame mkia. Ukiona unang'aa, fungua hewa yote.